Dawa ya Kumlaza Mtoto Kwenye Ndege

Swali ni lile lile, awe anauliza mama wa Kiomboi anayemfuata mumewe Muscat au bibi wa Manyoni anayempeleka mjukuu kwa wazazi wake Uingereza: mtoto wa mwaka na nusu apewe dawa gani ya maji alale mpaka wafike? Wengine hata hawaulizi. Hufika duka la dawa mjini Singida na jina tayari mdomoni, Piriton au Phenergan, na wanachotaka kuambiwa ni vijiko vingapi tu.

Jibu ni hapana hata kimoja. Piriton ni dawa ya mzio. Usingizi ni madhara yake ya pembeni, na mzazi anayeitaka kwa ajili ya usingizi anayanunua madhara yenyewe. Phenergan ina rekodi nzito zaidi. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza promethazine, ambayo ndiyo iliyomo ndani yake, ibebe onyo la ngazi ya juu kabisa: asipewe mtoto aliye chini ya miaka miwili, kwa kuwa wapo waliopungukiwa pumzi hadi kufa. Wanaojitetea kwa kusema "nitampa kidogo tu" wasome onyo hilo vizuri. Matukio hayo hayakutokana na dozi kubwa peke yake. Yalitokea kwa dozi za viwango mbalimbali kulingana na uzito wa mtoto. Hapo bado hakijazungumzwa kijiko cha chai cha nyumbani, ambacho hakifanani na cha jirani.

Na huyo jirani ndiye shahidi anayeletwa kila mara. Mwanawe alipewa, akalala fofofo hadi Doha. Ajabu iko wapi? Ametoka Singida kwa basi, ameshinda uwanjani Dar es Salaam akikimbia huku na huko, kisha akapandishwa ndege usiku. Angelala hata kwa maji ya bomba. Hili si dhihaka, maana limepimwa. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006, watoto 44 wa miezi 6 hadi 15 waliokuwa wakisumbua usiku waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipewa diphenhydramine, dawa ya ukoo mmoja na Piriton, na la pili kimiminika kisicho na dawa. Wazazi hawakujua nani kapewa nini. Waliopata nafuu upande wa dawa: 1 kati ya 22. Upande usio na dawa: 3 kati ya 22. Jaribio likasimamishwa mapema kwa sababu dawa haikuwa ikisaidia.

Wapo pia watoto ambao dawa hizi huwachangamsha badala ya kuwalaza, na mzazi hugundua hilo ndege ikiwa tayari hewani, saa tano mbele yake.

Kuna jambo jingine ambalo duka la dawa haliwezi kulirekebisha. Hewa ndani ya ndege hupungua nguvu kama ya mlimani, hadi kimo cha mita 2,400 hivi. Mji wa Singida wenyewe uko kwenye mita 1,500, na kwenye Dreamliner, zikiwamo za Air Tanzania, kimo hicho huwekwa karibu mita 1,800. Kwa mtoto mwenye afya si kitu. Kwa aliyenyweshwa dawa inayoweza kumpunguzia pumzi, ni kumpunguzia mara mbili.

Halafu masikio, ambayo ndiyo huwaliza wengi, hasa ndege inaposhuka. Yanazibuka kwa kumeza. Mtoto aliyelala humeza mara chache; aliyeleweshwa dawa hata akiwekewa ziwa mdomoni hanyonyi. Kwa hiyo mzazi anayetafuta ukimya kwa dawa anaandaa kilio cha nusu saa ya mwisho. Na tusidanganyane, ukimya huo hautafutwi kwa ajili ya mtoto. Unatafutwa kwa ajili ya abiria wa kiti cha pili na macho yake. Huyo ni mtu mzima; atavumilia.

Yanayofaa ni haya, na hayana duka. Achaguliwe ndege ya usiku. Safari ya Singida hadi Dodoma, kilomita 240 hivi, na treni ya SGR kwenda Dar es Salaam, au ile ya Babati na Arusha hadi KIA, isiunganishwe na ndege siku hiyo hiyo kama kuna ndugu wa kuwalaza. Ndege ikianza kushuka aamshwe, anyonye au anywe. Mwenye mafua makali au sikio linalouma aonwe na daktari kabla ya safari. Chakula kiwe viazi, ndizi, chapati. Karanga nzima zibaki Singida, humkaba mtoto kooni. Kuku wa kienyeji aliyekaangwa kwa ajili ya shangazi aliyeko Ulaya aliwe njiani, maana forodha ya huko haipokei nyama ya wasafiri. Maziwa na uji wa mtoto vionyeshwe kwenye ukaguzi, kwa kawaida huruhusiwa. Mzazi anayesafiri peke yake na mtoto abebe cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mwenzake. Kitanda cha ukutani kiombwe mapema, ila mtoto mzito hakimbebi. Chini ya miaka miwili hupakatwa kwa nauli ndogo. Anayetimiza miaka miwili akiwa ugenini hulipiwa kiti chake wakati wa kurudi, na tarehe husomwa kwenye pasipoti.