Shule za Kiwelisi na Mipaka ya Darasa katika Jamii ya Uwililugha

Shule inayofundisha kwa lugha ya wachache huanzishwa ili kutimiza kazi ambayo zamani ilifanywa na familia na mtaa, yaani kurithisha lugha. Kwa kurejelea Kiwelisi, makala haya yanaeleza kwa nini shule inaweza kumpa mtoto umilisi wa lugha na bado isiweze kumfanya aitumie. Nchini Welisi, takribani kila mtu mzima anayezungumza Kiwelisi anazungumza pia Kiingereza, ilhali wengi wanaozungumza Kiingereza hawajui Kiwelisi. Uwililugha huu wa upande mmoja ndio kiini cha tatizo.

Mwaka 1847, makamishna watatu wa serikali, wote wasiojua Kiwelisi, walitoa ripoti kuhusu elimu nchini humo iliyoitaja lugha hiyo kuwa kikwazo cha maendeleo na maadili. Kutokana na rangi ya majalada yake, Wawelisi waliiita Usaliti wa Vitabu vya Buluu. Katika baadhi ya shule za karne hiyo, mtoto aliyesikika akisema Kiwelisi alivishwa kibao shingoni, akakipitisha kwa mwenzake aliyekosea baada yake. Aliyekutwa nacho mwisho wa siku aliadhibiwa. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa zaidi. Ngũgĩ wa Thiong'o amesimulia desturi ya aina hiyo katika shule za Kenya ya kikoloni katika Decolonising the Mind (1986), na wengi wetu tunawafahamu watu waliowahi kukivaa kibao hicho.

Kufikia sensa ya 1901, takribani nusu ya wakazi wa Welisi walizungumza Kiwelisi. Katika sensa ya 2021 walikuwa asilimia 17.8, yaani watu wapatao 538,000. Shule ya kwanza ya msingi iliyofundisha rasmi kwa Kiwelisi ilifunguliwa mjini Aberystwyth mwaka 1939 na Ifan ab Owen Edwards, ikiwa na wanafunzi saba. Ilikuwa shule ya binafsi, na hofu iliyoizaa ilikuwa ya wazi: watoto waliohamishwa kutoka miji ya England kwa sababu ya vita wangeigeuza lugha ya shule ya mji huo. Mwaka 1947 Llanelli ilipata shule ya umma ya aina hiyo, na mwaka 1956 ikafunguliwa shule ya sekondari ya Glan Clwyd.

Shule hizo zilikusudiwa watoto wa Wawelisi waliokuwa tayari na lugha yao. Leo, hasa kusini-mashariki, wanafunzi wengi wanatoka katika nyumba ambamo Kiwelisi hakizungumzwi. Wazazi wao wameichagua lugha ambayo wao wenyewe hawakuipata. Huo ni ushindi mkubwa, na changamoto nyingi zinaanzia hapo hapo.

Lalamiko linalosikika sana ni la sarufi. Katika Kiwelisi, konsonanti ya mwanzo wa neno hubadilika kufuatana na neno linalolitangulia. Cath ni 'paka'. Fy nghath ni 'paka wangu'. Ei gath ni 'paka wake' ikiwa mwenye paka ni mwanamume, na ei chath ikiwa ni mwanamke. Neno ei halibadiliki, kwa hiyo konsonanti ndiyo inayobeba jinsia ya mmiliki. Hata hivyo, katika mazungumzo msemaji huweza kuongeza kiwakilishi baada ya nomino, na mtoto anayeacha badiliko hilo bado anaeleweka. Utafiti wa upataji lugha umeonyesha kuwa watoto wanaokutana na Kiwelisi shuleni tu huchelewa kuumudu mfumo huu. Wanaofundisha Kiswahili mahali ambapo kitabu yangu ni usemi wa kila siku watalitambua jambo hili mara moja.

Kwa maoni yangu, lalamiko hilo linatazama mahali pasipo na hatari kubwa. Mtoto anayekosea konsonanti walau anazungumza. Wa kutiliwa shaka zaidi ni yule anayeandika insha safi ya Kiwelisi, kisha kengele ya mapumziko ikilia anawageukia wenzake kwa Kiingereza. Kwake Kiwelisi ni lugha ya mwalimu na ya mtihani. Mzaha, ugomvi na siri vina lugha nyingine. Katika kundi la wachezaji sita, mmoja asiyejua Kiwelisi anatosha kuwahamisha watano, kwa kuwa adabu inawataka wasimtenge, na wote sita wanajua Kiingereza. Mwalimu akiamua kuwaadhibu wanaosema Kiingereza uwanjani, atakuwa amekirudisha kibao kile kwa upande wa pili.

Nyumbani nako, mzazi asiyejua Kiwelisi hawezi kusaidia kazi za jioni, na baadhi ya wazazi humhamishia mtoto sekondari ya Kiingereza wakiogopa masomo ya sayansi. Walimu wanaoweza kufundisha masomo hayo kwa Kiwelisi ni wachache.

Kati ya 2011 na 2021, kiwango cha watoto wa miaka 5 hadi 15 waliotajwa kuwa wanazungumza Kiwelisi kilishuka kutoka asilimia 40.3 hadi 34.3. Takwimu hiyo isomwe kwa uangalifu: kwa kawaida mzazi ndiye anayemjazia mtoto fomu, na sensa ya 2021 ilifanyika wakati shule zilikuwa zimefungwa kwa miezi mingi kwa sababu ya UVIKO-19. Lakini hata tahadhari hiyo inaeleza jambo. Mzazi asiyemsikia mtoto wake akitumia lugha nyumbani hana msingi wa kusema kuwa anaijua.

Serikali ya Welisi imelenga kupata wazungumzaji milioni moja ifikapo 2050, na sheria ya lugha na elimu ya 2025 inazigawa shule katika makundi matatu kufuatana na nafasi ya Kiwelisi katika ufundishaji. Kundi la shule linaweza kuthibitishwa kwa kukagua ratiba ya vipindi. Kinachosemwa uwanjani wakati wa mapumziko hakimo katika ratiba hiyo.