Sita kwa sita haiingii? Kamata rula kabla fundi hajachimba!

Mjini siku hizi kijana akipata vijisenti wimbo wake ni kiwanja. Akishapata kiwanja anatafuta ramani, na akishaipata anaikunja mara nne na kumkabidhi fundi. Basi, kamaliza! Muulize ile 1:100 iliyoandikwa pale chini ni kitu gani, utaona anatabasamu tu.

Msomaji, hiyo namba ndogo ndiyo inayoliza watu. Ni skeli, yaani uwiano wa mchoro na nyumba yenyewe. 1:100 maana yake kila sentimita moja ya karatasi ni mita moja ya nyumba. Kwenye 1:50, mita moja inachorwa kwa sentimita mbili, ndiyo maana ngazi na choo vinaonekana vizuri zaidi. Namba ya nyuma ikizidi kuwa kubwa, mchoro unazidi kuwa mdogo.

Halafu kuna zile 4000, 3600 na 900. Wala usishtuke, siyo bei! Ni milimita. Gawa kwa 1000 upate mita: 4000 ni mita 4, na mlango wa 900 ni sentimita 90.

Sasa kimbembe kiko kwenye fotokopi. Ramani imechorwa kwenye karatasi ya A3, wewe kwa kubana matumizi unaipunguza iwe A4. Kila mstari unabaki kama asilimia 71 tu, lakini yale maandishi ya 1:100 yako palepale, yanadanganya bila aibu. Chumba cha mita 4 kilichochorwa kwa sentimita 4 sasa kina sentimita 2.8. Fundi anayepima kwa rula atakujengea mita 2.8. Nne kwa nne ilikuwa mita za mraba 16. Hiyo mpya haifiki hata 8. Nusu ya chumba imeyeyuka kwenye mashine!

Haya, ingiza kitanda chako cha sita kwa sita. Futi sita ni mita 1.83, kwa hiyo zinabaki sentimita 97. Weka kabati lenye kina cha sentimita 60, unabakiwa na sentimita 37 za kupita. Mama mkwe akija kuona chumba, itabidi apite ubavu.

Dawa yake ni ndogo tu. Tafuta kipimo kilichoandikwa, tuseme 4000, kisha weka rula. Kwa 1:100 lazima usome sentimita 4 kamili. Ukisoma pungufu, karatasi hiyo imesinyaa, usipimie kitu. Na sheria ya kazi ni hii: namba iliyoandikwa ndiyo bosi, rula ni kibarua. Kama namba haipo, mrudie aliyechora, umuulize pia kama kipimo ni cha ndani ya chumba au ni katikati ya ukuta hadi katikati ya mwingine.

Jambo lingine ni lugha ya fundi. Ramani inasema 3000, yeye anasema "futi kumi hiyo, bosi". Siyo! Futi kumi ni mita 3.048. Vyumba vitano kwa mstari mmoja, umezidisha sentimita 24, na mbao za paa ulizonunua hazifiki. Usicheke, hata wakubwa yamewakuta: mwaka 1999 Marekani ilipoteza chombo chake cha Mars Climate Orbiter kwa sababu upande mmoja ulitumia vipimo vya Kiingereza na mwingine vya metriki.

Kabla zege halijamwagwa, shika futi kamba mwenyewe. Chumba cha mita 3 kwa 4 kikiwa sawa, kona hadi kona ya mkabala lazima isome mita 5. Isiposoma, simamisha kazi. Fundi akinuna, mwache anune. Kununa kwake ni kwa siku moja, ukuta utakaa nao maisha.