Hojaji ikifupishwa, kila neno huzidi uzito

Mwanafunzi akikabidhiwa karatasi yenye maswali chungu nzima, aghalabu huyajibu ya kwanza kwa makini, kisha yaliyosalia huyatia alama ovyo ili amalize. Ndiposa wataalamu wa saikolojia hujitahidi kufupisha hojaji za kupima hulka za kiskizotipi, yaani tabia ya mtu kujitenga, kuwashuku wenzake, kuamini mambo ya ajabu na kuwa na usemi usioeleweka. Mwenye hulka hizo si lazima awe mgonjwa, lakini zikikithiri zaweza kuashiria hatari ya maradhi ya akili.

Hojaji mashuhuri ya aina hii ilitungwa na Adrian Raine mwaka wa 1991, nayo ina maswali 74 ya ndiyo au la. Mnamo 1995, yeye na mwenzake waliifupisha ikabaki na maswali 22. Hapana shaka hiyo ni nafuu kubwa kwa anayejibu. Swali langu ni la kiisimu: hojaji hii ikiletwa Njoro, Molo au mjini Nakuru, itaeleweka vipi?

Tutazame neno "ndiyo". Mwulize kijana, "Huna rafiki wa kumwamini?" Ikiwa hana, mzoefu wa Kiswahili atajibu, "Ndiyo, sina." Mwenzake aliyezoea kufikiri kwa Kiingereza atajibu, "La, sina." Hali yao ni moja, ilhali alama zao zinapingana. Katika maswali 74, kosa hilo ni dogo. Katika maswali 22, uzito wake huzidi mara tatu.

La pili ni shaka. Anayeulizwa iwapo huwatilia shaka majirani huenda ni mtoto wa familia iliyochomewa nyumba katika mapigano ya kikabila ya 1992, au katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Akijibu ndiyo, anasimulia historia ya Bonde la Ufa. Ni dhuluma kumhesabia kumbukumbu hiyo kuwa dalili ya akili kuyumba.

Vivyo hivyo, muumini anayesema amesikia sauti ya Mungu akiomba, au mjukuu aliyeota marehemu babu yake akimwonya, hajatoka nje ya desturi za jamii yake. Hata mwongozo wa matabibu wa Marekani huhesabu imani kuwa dalili pale tu inapokiuka kaida za jamii ya mhusika.

Nini kifanyike? Kwanza, maswali ya kukanusha yaepukwe. Pili, tafsiri ifanywe na watu wawili, kisha mtu wa tatu airejeshe katika lugha ya awali ili tofauti zijitokeze. Tatu, wanafunzi waombwe kueleza kwa maneno yao walivyolielewa kila swali. Nne, ufupisho uanzie katika majibu ya watu wetu. Swali linalofaa kwingineko huenda lisipime chochote hapa, na lililoachwa huko likawa ndilo tunalolihitaji.

Nanyi walimu, hojaji isigeuzwe mtihani wa kumpachika mtoto jina la mwendawazimu. Jina hilo likishabandikwa shuleni, humfuata hadi kijijini. Alama zikizidi, mtoto apelekwe kwa mtaalamu atakayeketi naye na kumsikiliza. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuhukumu jibu kabla ya kulielewa swali.