Kengele ya Moto Isikike Mpaka Kitandani



Wengi wetu tunaofanya kazi viwandani na mashambani tunalala katika mabweni na nyumba za ghorofa ambazo hatukuzijenga sisi. Mwenye nyumba akiulizwa habari za moto huonyesha kengele iliyotundikwa koridoni, na mazungumzo huishia hapo. Lakini hatuulizi kama kengele ipo. Tunauliza kama mwenzetu aliyetoka zamu ya usiku, akafunga mlango na kulala, ataisikia.

Sauti hupotea wapi?

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Kanuni za Uingereza na za Marekani zinataka kengele ya kuamsha watu ifikie desibeli 75 pale penye mto wa kulalia. Sasa tuseme kengele ya koridoni inafika na desibeli 85 mbele ya mlango wako. Mlango huo ukifungwa sawasawa waweza kupunguza 20. Mlango wa chumba cha kulala hupunguza tena, tuseme 15. Kitandani zimebaki 50, yaani chini ya sauti ya watu wanaozungumza.

Kwa sisi wa viwandani liko jambo la pili. Makelele ya mashine huharibu kwanza uwezo wa kusikia sauti nyembamba, na ving'ora vingi vidogo vya moshi hulia kwa sauti nyembamba, kama mitetemo 3,000 kwa sekunde. Sauti nzito ya mitetemo 520 kwa sekunde huamsha watu vizuri zaidi, wakiwamo wenye masikio yaliyochoka. Tunaponunuliwa ving'ora, tuulize ni vya sauti gani.

Kuchelewa kutoka ni hatari kubwa. Tarehe 6 Januari 1995, katika jengo la ghorofa 30 huko North York, Kanada, moto ulianza ghorofa ya 5. Watu 6 walikufa. Hawakuunguzwa vyumbani mwao. Walikutwa kwenye ngazi, ghorofa za juu, ambako moshi ulikuwa umekwisha kupanda. Dakika za mwanzo ndizo zinazookoa.

Nyaya zilizomo ukutani

Dawa iliyo bora ni kuweka king'ora ndani ya kila nyumba kwa waya wake maalumu. Wenye majengo ya zamani husema ni gharama kubwa, kwa kuwa kuta zitatobolewa na watu wamo ndani. Hapo ndipo lilipotoka wazo la kutumia nyaya za umeme zilizokwisha kuwamo.

Kazi yake ni hivi. Umeme wa nyumbani kwetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Juu ya umeme huo unaweza kupandisha wimbi jingine dogo, la kasi sana, bila kuzuia taa wala pasi. Njia hii si ngeni: mtambo uitwao X10, uliobuniwa Uskoti mwaka 1975, uliwasha na kuzima taa za nyumba kwa mawimbi ya mara 120,000 kwa sekunde yaliyopita katika nyaya za kawaida. Kwa habari ya moto, mtambo mmoja hufungwa karibu na kengele kuu. Kengele ikilia, mtambo hutuma wimbi. Katika kila chumba kuna kipokezi kilichochomekwa kwenye plagi. Kikilipata wimbi, kinapiga king'ora kando ya kitanda.

Mambo ya kuangalia

Tusidanganywe kuwa njia hii haina kasoro. Jengo kubwa hupata umeme kwa fezi tatu, na wimbi lililotumwa katika fezi moja huenda lisifike katika nyingine mpaka fundi afunge kiunganishi maalumu. Mota na mashine nyingine zaweza kulivuruga. Umeme ukikatika, au moto ukiunguza waya, wimbi halipiti. Kwa hiyo kipokezi lazima kiwe na betri, na mtambo utume wimbi la majaribio mara kwa mara, ili kipokezi kisichopata habari kionyeshe taa ya hitilafu. Na mpango wote huu ni nyongeza tu ya kengele kuu, ambayo waya wake hujichunguza kama umekatika. Mwajiri asiing'oe kengele hiyo kwa kisingizio cha vipokezi.

Tudai nini?

Kwanza, sauti ipimwe kwa kipimo, kitandani, milango ikiwa imefungwa. Kama hakuna kipimo, mmoja wetu alale chumbani, mlango ufungwe na redio ya jirani iwe inalia, kisha kengele ipigwe. Akiisikia kwa shida naye yu macho, usingizini hataisikia kabisa. Pili, jaribio lifanywe katika vyumba vyote, hasa vya mwisho wa korido, na matokeo yaandikwe na kamati ya wafanyakazi iweke nakala. Tatu, vipokezi na betri ni vyombo vya usalama wa jengo. Gharama yake isikatwe katika mishahara.

Kamati ya kila tawi ianze na jaribio hilo mwezi huu. Halihitaji fedha, na jibu lake mwajiri hawezi kulikana.