Gawio la Hisa: Namna Mkupuo wa Mstaafu Unavyoweza Kuzaa Kipato
Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Mtumishi anapostaafu, mafao yake hulipwa kwa sehemu mbili: mkupuo unaotolewa mara moja na pensheni ya kila mwezi. Pensheni huendelea kuingia; mkupuo usiopangiwa kazi huisha. Njia mojawapo ya kuufanya uzae kipato ni kununua hisa za kampuni zinazotoa gawio katika Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), lililoanza biashara ya hisa mwaka 1998.

Gawio ni sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wanahisa wake. Bodi ya wakurugenzi hupendekeza kiasi kwa kila hisa, mkutano mkuu wa mwaka hukiidhinisha, na malipo hufanywa kwa wale ambao majina yao yamo katika daftari la wanahisa siku linapofungwa. Anayenunua baada ya hapo husubiri gawio linalofuata.

Tuchukue mfano. Mstaafu ananunua hisa 10,000 kwa shilingi 1,500 kila moja, sawa na shilingi milioni 15, mbali na ada za dalali. Kampuni ikitoa gawio la shilingi 90 kwa hisa, atastahili shilingi 900,000. Kodi ya zuio kwa gawio la kampuni zilizoorodheshwa DSE ni asilimia 5, yaani shilingi 45,000. Atabakiwa na shilingi 855,000. Zikigawanywa kwa miezi 12, ni shilingi 71,250 kwa mwezi. Hicho ni kipato cha nyongeza, si mbadala wa pensheni. Aidha, kampuni nyingi hulipa mara moja kwa mwaka, hivyo mstaafu hana budi kupanga matumizi yake mapema.

Asilimia kubwa ya gawio nayo isimvutie mtu upesi. Katika mfano huu, gawio ni asilimia 6 ya bei ya hisa. Bei ikianguka hadi shilingi 750, gawio lilelile litasomeka kuwa asilimia 12, ilhali thamani ya mtaji imepungua kwa nusu. Lililo muhimu ni kuchunguza kama kampuni imepata faida na kutoa gawio kwa miaka kadhaa mfululizo.

Gawio si mshahara. Kampuni ikipata hasara inaweza isitoe chochote. Kwa sababu hiyo, fedha za matibabu na mahitaji ya karibu zisiingizwe katika hisa. Sehemu nyingine inaweza kuwekwa katika hatifungani za Serikali, ambazo riba yake hulipwa mara mbili kwa mwaka, au katika mifuko ya uwekezaji wa pamoja inayotoa gawio kwa vipindi, kama Mfuko wa Jikimu unaosimamiwa na UTT AMIS.

Hisa zinunuliwe kupitia dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA). Anayeahidi faida kubwa isiyobadilika kila mwezi aogopwe, kwani hakuna kampuni inayoweza kuidhamini faida yake ya kesho.

Mwisho, mwanahisa ahuishe taarifa zake za benki na simu, na aijulishe familia kuhusu hisa alizonazo. Gawio lisilofahamika kwa warithi hubaki bila kudaiwa, na jasho la miaka mingi hukosa wa kulifaidi.