Kikoba, halmashauri na bibi asiye na hisa

Sanduku la kikoba, kikundi cha kuweka na kukopeshana, lina kufuli tatu, na funguo zake hulala nyumba tatu tofauti. Lenyewe hulala nyumba ya nne, kwa mwanachama asiye na ufunguo hata mmoja. Kwa akina mama wanaouza ndizi na parachichi Tengeru, kikao hakiwezi kuwa Jumatano wala Jumamosi, kwa sababu hizo ni siku za soko. Siku nyingine yoyote wakishakaa, wenye funguo wanafungua, wahesabu fedha wanamwaga noti kwenye beseni na kuhesabu kwa sauti, kisha mwanachama mmoja anaulizwa ghafla: salio la kikao kilichopita lilikuwa shilingi ngapi? Asiyekumbuka anatozwa faini. Simu ikilia, faini. Aliyechelewa kwa sababu ya daladala, faini, na daladala haitajwi tena.

Mfumo huu haukuzaliwa mlimani Meru. Shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991 na wanawake wa vijijini, ukafika Tanzania ukapata jina la VICOBA. Kilichoongezwa hapa ni utaratibu wa watu watano watano: kikundi cha watu 30 hugawanywa katika makundi ya watu watano, na watano hao wanadhaminiana. Mmoja akishindwa marejesho, wanne wanalipa, au wanamfuata nyumbani kabla hajahamisha kitanda.

Halmashauri nayo ina fedha ya mikopo. Mwaka 2018 Bunge liliingiza kifungu cha 37A katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, na jambo lililokuwa likifanywa kwa kusuasua likawa lazima: kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Kwa jiji la Arusha, lenye masoko, stendi, hoteli na kampuni za utalii za kutoza kodi na ushuru, hiyo si fedha ya kubeza.

Aprili 2023 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni kwamba mikopo hiyo imesitishwa nchi nzima. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) alikuwa ameonyesha vikundi hewa na mabilioni yasiyorejeshwa. Ilirudi katika mwaka wa fedha 2024/25 ikiwa na kanuni mpya, uhakiki mkali zaidi, na halmashauri 10 za majaribio ambazo fedha zao hupitia benki. Siha, jirani zetu wa Kilimanjaro, wamo. Arusha haimo.

Lawama nyingi ziliangukia vikundi. Mimi nalaumu zaidi jinsi vilivyozaliwa. Fomu zikitangazwa, watu watano wanakutana, wanaandika katiba ya kunakili, wanafungua akaunti na kuchagua mwenyekiti ambaye wamefahamiana naye wiki mbili. Hicho ni kikundi cha fomu. Fedha ikiingia wanagawana, kila mtu na shughuli yake, kwa sababu hakuna aliyewahi kuweka shilingi yake mwenyewe mle. Kikoba kinahesabu hela ya Mama fulani aliyeketi pale pale anatazama. Mkopo wa halmashauri unaitwa hela ya serikali, na mhesabuji wake ni mkaguzi anayekuja baadaye na faili. Aliyekosa kote kuwili anaishia kwenye mikopo ya kausha damu, ambayo dhamana yake ni friji na kochi.

Wazungu waliliona mapema tatizo hili la msaada kutolewa na asiyemjua anayepewa. Mwaka 1853 mji wa viwanda wa Elberfeld, Ujerumani, ulichoshwa na gharama za kusaidia maskini kutoka ofisi moja. Ukagawa mji katika mitaa midogo midogo, na kila mtaa ukapewa raia wa kujitolea asiyelipwa, mwenye kaya zisizozidi nne za kuangalia. Alizitembelea nyumbani, na msaada ulitolewa kwa siku 14 tu kabla ya kuangaliwa upya. Miji mingi ya Ujerumani iliiga. Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa sana, maana TANU ilipoweka mabalozi wa nyumba kumi miaka ya 1960, wazo lilikuwa ndugu wa hilo: mtu mmoja anayejua nani amelala njaa. Tofauti ni kwamba balozi wetu alikuwa wa chama, na vyama vingi viliporudi mwaka 1992 alibaki huko huko.

Elberfeld nayo ilifika mwisho. Miji ilivyopanuka na watu wakawa wanahamahama, jirani hakumjua jirani tena, na mwanzoni mwa karne ya 20 Strasbourg, wakati huo ikiwa chini ya Ujerumani, ikahamishia uamuzi kwa watumishi wanaolipwa. Sasa angalia kata za Muriet au Olasiti. Arusha ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya laki 6 katika sensa ya 2022, na sehemu kubwa ya pembezoni mwake ni wapangaji na waliojenga juzi. Mwenyekiti wa mtaa anagonga muhuri barua ya mtu aliyemwona leo asubuhi. Ngarenaro, ambako watu wamezaliana, muhuri huo una uzito mwingine kabisa.

Anayetakiwa kuziba pengo hilo ni afisa maendeleo ya jamii wa kata, na chuo kikongwe cha kada hiyo kiko hapa hapa, Tengeru, tangu 1963. Wanafundishwa kukaa na watu, kusikiliza, kuibua miradi pamoja nao. Wakifika kata wanapewa fomu, mfumo wa kompyuta, ugeni wa kiwilaya na maandalizi ya Mwenge. Kuhudhuria kikao cha kikoba hadi sanduku lifungwe hakuonekani kwenye ripoti ya mwezi. Ningekuwa na sauti halmashauri, kikundi kingeomba mkopo kwa kuonyesha daftari la mwaka mzima la hisa na faini, na majina ya waliokopeshwa na wanaodaiwa yangebandikwa ukutani ofisi ya kata.

Nasema hivyo nikijua hatari yake. Jengo la Makumbusho ya Azimio la Arusha pale Kaloleni lilikuwa ukumbi wa ustawi wa jamii kabla ya viongozi wa TANU kukutana humo Januari 1967. Azimio lilihubiri kujitegemea. Miaka 5 baadaye mpango wa Madaraka Mikoani uliziondoa halmashauri, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Wakulima wa kahawa wa Meru walikuwa wameshazoea kujiendeshea mambo yao. Waliowahi kuchangishana kumpeleka Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kudai ardhi ya Engare Nanyuki hawakuhitaji kufundishwa ushirika na mtu. Serikali ikikikumbatia kikundi kwa nguvu, hukivunja mbavu.

Zipo njia za kusaidia bila kukumbatia. Tangu 2007 karakana ya Shanga, iliyo katika Arusha Coffee Lodge kwenye barabara ya uwanja wa ndege wa Kisongo, imeajiri watu wenye ulemavu wanaoyeyusha chupa zilizotupwa na kutengeneza shanga na glasi. Mteja wake ni mtalii, kwa hiyo watalii wakikosekana, tanuri linapoa. Trieste, Italia, wagonjwa wa hospitali ya akili walianzisha ushirika wa usafi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mteja wao akawa hospitali ile ile. Sheria ya Italia ya 1991 ikaja kuwatambua wa namna hiyo: ushirika ambao angalau asilimia 30 ya wafanyakazi wake ni watu waliosukumwa pembeni unaweza kupewa kazi na manispaa bila kugombania zabuni na makampuni makubwa. Sisi pia, tangu marekebisho ya sheria ya ununuzi wa umma ya 2016, tuna asilimia 30 ya zabuni inayopaswa kutengewa makundi maalumu. Inatajwa mara chache mno kuliko ile asilimia 10, ingawa kufagia Soko la Kilombero kwa mkataba wa miaka miwili kungewafaa vijana 20 kuliko mkopo wa bodaboda mbili.

Hata hivyo kikoba hakimchukui asiye na hisa. Bibi wa miaka 75 kwenye vijiji vya juu vya Meru, ambaye vijana wake wako mjini na hawapigi simu, hakopesheki popote. Kwake kuna ruzuku ya TASAF, kama jina lake lilipita mkutano wa kijiji, ambako majirani hutaja hadharani kaya zilizo maskini kuliko nyingine. Utaratibu huo una uwazi wake, na una fedheha yake. Na ruzuku inabaki ya kaya, si ya uzee wake.

Zanzibar ilichagua njia nyingine. Tangu Aprili 2016 kila mkazi aliyefikisha miaka 70 analipwa pensheni ya kila mwezi, ikianza na shilingi 20,000 na kupandishwa hadi 50,000 mwaka 2023. Mzee wa Makunduchi haulizwi ana shamba gani wala watoto wake wako wapi. Anaulizwa alizaliwa lini.