Kifungu cha usuluhishi: Kinga isiyomfunga mlaji

Wauzaji wengi wa bidhaa za kulipia kidogo kidogo huweka sentensi moja mwishoni mwa fomu ya mauzo: mgogoro wowote utapelekwa kwa msuluhishi. Mteja hutia sahihi bila kusoma, na mwenye duka hudhani amejikinga na mahakama. Nchini Kenya kinga hiyo ni dhaifu kuliko inavyodhaniwa.

Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2012 inabatilisha sharti la namna hiyo pale linapomzuia mlaji kufungua shauri Mahakama Kuu kudai haki anayopewa na sheria hiyo. Lakini haikatazi suluhu. Mgogoro ukishazuka, muuzaji na mlaji wako huru kukubaliana kutumia njia yoyote halali, na watakachoamua kitawafunga wote wawili.

Tofauti basi ni wakati. Kabla ya mgogoro mnunuzi hajui anachokiacha. Baada ya friji kuharibika anajua thamani ya dai lake na anaweza kupima.

Gharama nazo zina uzito. Mpatanishi huzikutanisha pande mbili zielewane. Msuluhishi husikiliza na kutoa uamuzi. Hakimu hulipwa na serikali, ila msuluhishi hulipwa na wenye kesi. Kwa friji ya shilingi 60,000, ada yake yaweza kumeza dai lote.

Marekani ilifuata njia nyingine. Mwaka 2011, katika kesi ya AT&T Mobility na familia ya Concepcion, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba Sheria ya Usuluhishi ya 1925 inalinda kifungu kinachowazuia wateja kudai kwa pamoja. Kiini cha kesi kilikuwa kodi ya dola 30.22 ya simu zilizotangazwa kuwa za bure. Ni nadra mtu kumlipa wakili kwa dola 30, na hapo ndipo kampuni inaponufaika. Mwaka 2017 idara ya kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha ilitunga kanuni ya kupunguza makali hayo. Bunge likaifuta mwaka huohuo.

Umoja wa Ulaya unakaribiana na Kenya. Mwongozo wake wa 2013 unasema makubaliano yaliyofanywa kabla ya mgogoro hayamfungi mlaji iwapo yanamnyima haki ya kwenda mahakamani. Vyombo vya suluhu vinatakiwa viwe vya bure au vya ada ndogo kwa mlaji, na kwa kawaida vimalize shauri ndani ya siku 90 baada ya kupokea jalada kamili. Mtandao wa malalamiko uliofunguliwa huko mwaka 2016 ulifungwa Julai 20, 2025, kwa kuwa watumiaji walikuwa wachache.

Mfanyabiashara mdogo asijisahau upande wa pili wa kaunta. Anaponunua kwa msambazaji ili auze tena, kwa kawaida kifungu cha usuluhishi kitamfunga. Chini ya Sheria ya Usuluhishi ya Kenya ya 1995, mahakama husimamisha kesi iwapo mdaiwa ataomba mapema na makubaliano ni halali. Uamuzi wa msuluhishi nao hutenguliwa kwa sababu chache tu, na ombi lazima lipelekwe ndani ya miezi 3 tangu kuupokea.

Kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1, Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria inaitaka itoe hukumu ndani ya siku 60 tangu shauri kufunguliwa. Wahusika wakipatana wenyewe, mahakama hiyo yaweza kuyapokea makubaliano yao kama amri yake.

Kwa muuzaji, hesabu ni nyepesi: dawati la malalamiko linalojibu haraka, na karatasi ya suluhu inayotiwa sahihi baada ya mgogoro, vina nguvu kuliko maandishi madogo ya siku ya mauzo. Mwekezaji anayepima hisa za kampuni yenye wateja wengi naye asihesabu kifungu hicho kuwa kinga; aangalie malalamiko yanamalizwaje.